Msaada wakuu: insha ya tatizo na suluhisho pamoja na barua rasmi ya maombi, nakwama wapi?

mwanga_wa_jioni

Habari zenu wakuu, naombeni msaada kidogo na ni wa haraka. Nasoma chuo darasa la jioni manake mchana niko kazini, sasa kwenye somo la mawasiliano tumepewa kazi mbili zinazoenda pamoja, ya kwanza insha ya tatizo na suluhisho kama maneno 600 hivi, ya pili barua rasmi ya maombi kwenda kwa mtu mwenye uwezo wa kulitatua tatizo hilohilo. Mada unachagua mwenyewe ila iwe kitu cha kweli. Mimi nimechagua maktaba ya chuo, inafungwa saa 12 jioni na sisi vipindi vyetu vinaanza saa 11 na nusu hadi saa 2 usiku, kwa hiyo maktaba tunaionaga kwa nje tu.

Rasimu ya insha nilishapeleka, mwalimu kanirudishia kaandika pembeni kwa kalamu nyekundu "tatizo liko wapi?" na hapo ndo sijamwelewa kabisa kwa sababu mimi naona nimelitaja wazi. Aya ya kwanza hii hapa:

"Maktaba ni moyo wa chuo chochote duniani. Tangu zamani binadamu amekuwa akihifadhi maarifa yake katika maandishi. Hata hivyo, chuo chetu kinakabiliwa na tatizo kubwa la ukosefu wa huduma ya maktaba nyakati za usiku. Tatizo hili linawaathiri wanafunzi wengi kwa namna mbalimbali. Suluhisho lake ni chuo kufungua maktaba usiku."

Na barua nimeanza hivi: "Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanafunzi katika chuo chako. Awali ya yote napenda kukupongeza kwa kazi kubwa na nzuri unayoifanya ya kukiongoza chuo chetu usiku na mchana..." halafu baada ya hapo sijui niende wapi. Nauliza pia hizi kazi mbili zinatofautianaje, manake naona kama narudia kitu kilekile nabadilisha anwani tu. Natanguliza shukrani.

---

kalamu_ya_risasi

Karibu mkuu. Nafundisha lugha kwa hiyo hili swali nalijua vizuri, na mwalimu wako hajakosea hata kidogo, ngoja nikuoneshe.

Chukua sentensi yako ya tatu uiweke kando ya ile ya tano. Ya tatu inasema tatizo ni ukosefu wa huduma ya maktaba usiku, ya tano inasema suluhisho ni kufungua maktaba usiku. Umesema jambo moja mara mbili, mara ya kwanza kwa kukanusha na mara ya pili kwa kukubali. Hilo siyo tatizo, hilo ni suluhisho lako limevalishwa nguo za tatizo, na hii ndo kasoro kubwa kuliko zote kwenye insha za aina hii, naiona kila muhula: "tatizo ni ukosefu wa kompyuta, suluhisho tununue kompyuta", "tatizo ni ukosefu wa elimu, suluhisho elimu itolewe". Ukishaandika hivyo insha imekufa, manake hakuna cha kujadili tena, msomaji hana njia nyingine ya kulinganisha na wewe huna sababu ya kuichagua yako.

Sasa tatizo unalipataje. Jiulize nani anaumia, anaumia nini hasa, wakati gani, na ungejuaje kwamba limeisha. Kwa mfano wako: mwanafunzi wa jioni anapewa kazi Jumatatu, kitabu kinachotakiwa ni kile kisichoazimwa, cha kusomea humohumo ndani, mlango unafungwa yeye akiwa darasani, Ijumaa anakusanya kazi bila kukigusa. HILO ndo tatizo. Umeona tofauti? Kwenye sentensi hiyo hakuna mahali pameandikwa "kufungua usiku", na papo hapo yanajitokeza masuluhisho kama manne: maktaba ichelewe kufungwa, au vitabu vya kusomea ndani viruhusiwe kutoka jioni virudi asubuhi, au sura zinazohitajika ziwekwe kwenye mtandao wa chuo, au ifunguliwe Jumamosi mchana kutwa. Hapo sasa una insha. Unayalinganisha, unachagua moja, unasema kwa nini hayo mengine hayatoshi.

Muundo wenyewe una sehemu nne: hali, tatizo, suluhisho, tathmini. Hali iwe fupi, sentensi mbili zinatosha, za kumweka msomaji mahali pake (chuo kina darasa la jioni, vipindi ni saa fulani hadi saa fulani, maktaba inafungwa saa fulani). Hayo mambo ya binadamu tangu zamani kuhifadhi maarifa futa yote, hayamsaidii mtu. Tatizo lipewe nafasi ya kutosha pamoja na chanzo chake. Suluhisho liseme nani afanye nini na kuanzia lini. Tathmini ndo ile ambayo watu wanaiacha, na mimi binafsi alama nyingi natoa hapo: je hili suluhisho linagusa chanzo au linapoza maumivu tu, linagharimu nini, nani atalipinga na ana hoja gani, na kuna mtu mwingine litamuumiza?

Kuhusu chanzo kuna mbinu moja ya kiwandani inafaa sana. Taiichi Ohno wa Toyota alikuwa akiwahimiza wafanyakazi wake waulize "kwa nini" mara tano mfululizo kabla hawajagusa kitu. Mfano wake maarufu ni mashine iliyosimama. Kwa nini imesimama, fyuzi imeungua kwa kuzidiwa mzigo. Kwa nini ilizidiwa, beringi haikupata mafuta ya kutosha. Kwa nini haikupata, pampu ya mafuta haivuti vizuri. Kwa nini, mhimili wake umelika. Kwa nini umelika, hakuna chujio kwa hiyo vipande vya chuma vinaingia ndani. Ukiishia kwa nini ya kwanza unabadilisha fyuzi na kesho inaungua tena. Wewe jiulize kwa nini maktaba inafungwa saa 12. Labda wakutubi wako zamu moja tu. Kwa nini zamu moja? Hapo usibuni, nenda kamuulize mkutubi mwenyewe, na ukiwa naye omba na idadi ya wanafunzi wa jioni na idadi ya vitabu visivyoazimwa, manake neno "wengi" na "namna mbalimbali" kwenye insha yako ni mashimo mawili yanayosubiri tarakimu.

---

chap_chap

Wakuu mnamzungusha bure, hii kitu ni fomati tu. Insha: utangulizi, tatizo, sababu, athari, suluhisho, hitimisho. Barua: anwani yako kulia juu, tarehe chini yake, anwani ya unayemwandikia kushoto, Ndugu, YAH:, maelezo, Wako mtiifu, sahihi, jina. Wengine wanaandika KUH: badala ya YAH: yote sawa. Umemaliza, alama unapata.

---

dada_wa_masijala

@chap_chap fomati uliyotoa ni sahihi kaka yangu na anwani ikikaa mahali sipo barua inaonekana ya ovyo, hapo sikupingi. Ila mimi nafanya kazi masijala, barua zinapita mikononi mwangu kabla hazijafika kwa mkubwa, na nakuhakikishia zipo zenye fomati nzuri kabisa ambazo ukimaliza kuzisoma hujui mtu anataka nini.

@mwanga_wa_jioni ngoja nikueleze barua yako itakavyosafiri, ukishajua safari yake utajua mwenyewe uandike nini. Ikifika inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, inaingizwa kwenye daftari: imetoka kwa nani, inahusu nini, inakwenda kwa nani. Halafu natafuta faili lake, naipa namba ya folio (namba ya karatasi ndani ya faili), faili linapelekwa kwa mkuu. Mimi kwenye kuamua faili sisomi barua nzima, nasoma YAH na sentensi mbili za mwanzo. Sasa ukiandika "YAH: MAOMBI" mimi nijue ni maombi ya nini, ya kazi, ya ruhusa, ya kupunguziwa ada? Andika "YAH: OMBI LA KUONGEZA MUDA WA MAKTABA HADI SAA 4 USIKU KWA WANAFUNZI WA JIONI". Ndefu kidogo lakini mtu akisoma hiyo tu ameshajua kila kitu.

Na hiyo "Husika na kichwa cha habari hapo juu" naomba ukaifute sasa hivi. Karibu kila barua inaanza nayo na haina kazi hata moja, mtu kichwa ameshakiona, ni sentimita chache tu juu yake. Sentensi ya kwanza ndo yenye nguvu kuliko zote, weka ombi lenyewe hapo. Na pongezi pia toa. Siyo kwamba ni vibaya kumpongeza mtu, ila ukipongeza kabla ya kuomba anajua kinachofuata, na kama una pongezi ya kweli mwandikie siku ambayo huna shida.

Mkuu akishasoma mara nyingi hajibu yeye. Anaandika dokezo kwenye faili, "Mkutubi, naomba ushauri" au "Mhasibu, gharama zake zikoje?" halafu faili linashuka kwa hao. Kwa hiyo barua umemwandikia mtu mmoja lakini watasoma watatu au wanne, na hao wengine hawakujui, hawajawahi kukuona na hawana muda wa kukupigia simu kuuliza ulimaanisha nini. Ndo maana idadi, saa, na jina la anayehusika viwemo ndani ya barua yenyewe. Mimi nimeona ombi zuri tu linazunguka kwenye meza za watu kwa sababu hakuna aliyejua mwombaji anataka siku gani za wiki.

Tofauti ya insha na barua uliyouliza iko hapohapo. Kwenye insha unaongea na msomaji yeyote, unaweza kupima masuluhisho manne na kuonesha lipi linashinda. Kwenye barua unaongea na mtu mwenye mamlaka juu ya jambo moja, usimpe manne achague, mpe moja. Yale matatu yaliyoshindwa yanabaki kwenye insha, labda uguse moja kwa sentensi moja kama unajua atauliza "kwa nini msitumie mtandao". Na umwombe kitu ambacho kiko ndani ya uwezo wake. Kabla hujaandika ulizia nani hasa anapanga saa za maktaba, pengine siyo mkuu wa chuo, pengine ni naibu wake wa taaluma. Barua nzuri iliyokwenda kwa mtu asiye na uwezo inarudi na jibu la "tumepokea", basi.

Vitu vidogovidogo lakini vinaumiza: mwandikie cheo usimwandikie jina, manake mtu akihamishwa barua ibaki na mwenyewe. Kama utaratibu wenu ni kupitia kwa mkuu wa idara weka KUPITIA KWA: chini ya anwani yake, ukimruka mkuu wa idara barua itarudishwa kwake na umeshamkwaza. Tarehe andika mwezi kwa neno, 7 Machi, usiandike 7/3, Wamarekani wanaanza na mwezi kwa hiyo kwao hiyo ni Julai 3. Kama kuna karatasi nyingine umebana nyuma andika Viambatisho na uvitaje, nisipoona vimetajwa na kimoja kikidondoka hakuna atakayejua kilikuwepo. Na namba ya simu jamani, watu wanasahau namba ya simu.

---

mwanga_wa_jioni

Aisee nashukuruni sana, nimeelewa sasa ile kalamu nyekundu ilikuwa inasema nini. Nimeenda kwa mkutubi leo kabla ya kipindi, kanipokea vizuri sana kuliko nilivyotarajia. Kumbe ratiba yao ya zamu moja ilipangwa kabla darasa la jioni halijaanzishwa na hakuna mtu aliyewahi kuirudia, halafu saa za maktaba anazipanga naibu mkuu wa chuo wa taaluma kama dada alivyohisi. Idadi kaniahidi atanitolea kesho. Aya yangu mpya hii, naombeni mnikosoe:

"Chuo chetu kina wanafunzi wa mchana na wa jioni. Wa jioni huingia darasani saa 11:30 na kutoka saa 2:00 usiku, wakati maktaba hufungwa saa 12:00 jioni. Kutokana na hali hiyo, mwanafunzi wa jioni anayetakiwa kusoma kitabu kisichoazimwa hawezi kukifikia siku yoyote ya juma ambayo ana kipindi. Chanzo chake ni ratiba ya zamu moja ya wakutubi, iliyopangwa kabla ya darasa la jioni kuanzishwa, na ambayo haijapitiwa upya tangu hapo."

Swali langu la barua, mkutubi kanitonya kwamba naibu ni mtu wa kuuliza sana gharama. Nizitaje mimi au nimwache aulize?

---

kalamu_ya_risasi

Hii aya ni nyingine kabisa, hongera. Hiyo sentensi ya mwisho kuhusu ratiba ndo dhahabu yako, manake imeonesha kwamba hakuna mtu mbaya kwenye hii hadithi, kuna karatasi ya zamani tu, na msomaji mwenye mamlaka anapoona halaumiwi anasoma kwa moyo mwepesi. Kimoja tu, "siku yoyote ya juma ambayo ana kipindi" taja zipo ngapi, kama ni Jumatatu hadi Ijumaa andika hivyo.

Gharama zitaje wewe. Ukinyamaza haimaanishi hataziwaza, atazikadiria peke yake na mtu akikadiria peke yake anakadiria juu. Zamu ya pili, umeme, usalama wa wanaotoka usiku, hayo matatu yaweke kwenye tathmini ya insha kwa urefu, na kwenye barua sentensi mbili.

---

msomaji_wa_nyaraka

Naomba nichangie kutoka upande mwingine. Mimi napenda kusoma barua za kihistoria na kuna moja ambayo ni tatizo na suluhisho kuanzia juu hadi chini: barua ya Albert Einstein kwa Rais Franklin Roosevelt wa Marekani, ya tarehe 2 Agosti 1939. Kurasa mbili tu. Anaanza na hali, kwamba utafiti mpya unaonesha madini ya urani yanaweza kugeuzwa chanzo kikubwa cha nishati na pengine mabomu ya aina mpya. Halafu anaeleza kwamba Marekani haina madini mazuri ya urani na kwamba chanzo muhimu kuliko vyote kiko Kongo ya Wabelgiji. Kisha ombi: Rais amteue mtu anayemwamini awe kiungo kati ya serikali na wanafizikia, na mtu huyo awe na kazi mbili, kuzifuatilia idara za serikali hasa kwenye suala la kupata urani, na kuharakisha majaribio kwa kutafuta fedha. Hakuandika "serikali ichukue hatua stahiki". Alisema teua mtu, na mtu huyo afanye hiki na hiki. (Yaliyofuata miaka ya baadaye ni mazito na ya kusikitisha, mimi hapa nazungumzia uandishi wake tu.)

Mengine mawili. Aliyeiandaa kwa sehemu kubwa ni mwanafizikia Leo Szilard, ila aliona jina la Einstein ndilo litakalosomwa, kwa hiyo Einstein akasaini. Wewe uliza kama kiongozi wa wanafunzi anaweza kusaini pamoja nawe. Na haikutupwa posta, ilipelekwa kwa mkono na Alexander Sachs, mchumi aliyefahamiana na Rais, ambaye alipata nafasi ya kuonana na Rais Oktoba 11, Roosevelt akajibu kwa barua ya Oktoba 19 na kamati ikaundwa.

Ila sasa @dada_wa_masijala, Einstein hakuanza na ombi, ombi liko ukurasa wa pili. Wewe unasema ombi liwe sentensi ya kwanza. Hapo tufuate lipi?

---

dada_wa_masijala

Swali zuri sana hilo. Einstein alikuwa anaeleza jambo ambalo msomaji wake hajawahi kulisikia, angeanza na "naomba umteue mtu wa kufuatilia urani" Rais angebaki anajiuliza urani ndo nini. Maktaba naibu anaijua, saa za kufunga anazijua yeye ndo alizozipanga, kwa hiyo hapo hakuna cha kumwandaa, ombi litangulie. Kama jambo lako ni geni kabisa basi aya moja fupi ya tatizo itangulie, ila iwe moja. Na hata hivyo YAH ibebe ombi, kwa hiyo hata ukichelewa kwenye aya, kichwa kimeshasema.

---

msomaji_wa_nyaraka

Hapo nimekuelewa na nakubali. Basi niongeze na hili kuhusu sababu, manake rasimu ya kwanza ilikuwa na "maktaba ni muhimu" halafu basi. Mwaka 1978 mwanasaikolojia Ellen Langer na wenzake walitoa matokeo ya jaribio moja, watu walioko kwenye mashine ya kutoa kopi wanaombwa na mtu awatangulie. Akiwa na kurasa 5 na asitoe sababu, 60 kwa mia walimkubalia. Akitoa sababu ya kweli kwamba ana haraka, 94. Akitoa sababu tupu, "naomba nitangulie kwa sababu nataka kutoa kopi", 93! Watu wengi wanaishia hapo wanakwambia weka tu neno kwa sababu. Lakini kuna nusu ya pili: akiwa na kurasa 20, bila sababu ni 24, na sababu tupu ni 24 vilevile, haikuongeza kitu, sababu ya kweli ndo ilipandisha hadi 42. Mtu akiombwa kitu cha kumgharimu anaanza kuisikiliza sababu yenyewe. Zamu ya pili ya wakutubi ni kurasa 20 mkuu, kwa hiyo ile chanzo cha ratiba ya zamani lazima iingie kwenye barua.

---

chap_chap

Sawa wakuu nimekaa nikasoma yote, mko sahihi, hii sikuwahi kuiangalia hivi. Nina swali langu pia, akikataa au akikaa kimya je?

---

dada_wa_masijala

Ukimya mara nyingi ni faili limekaa kwenye meza ya mtu, siyo kukataliwa. Baada ya wiki mbili hivi unakwenda masijala na nakala yako, unataja tarehe iliyopokelewa, unauliza liko kwa nani. Usiende kwa mkuu moja kwa moja kulalamika. Ikibidi kuandika tena iwe barua fupi, "Tafadhali rejea barua yangu ya tarehe fulani", unarudia ombi kwa sentensi moja na unaambatisha nakala ya ile ya kwanza. Na wala usiandike "tusipojibiwa tutachukua hatua zaidi" kwenye barua ya maombi, ukishaweka hilo umebadilisha aina ya barua, inakuwa ya madai, na itapelekwa kwa mwanasheria badala ya kwa mkutubi.

---

mwanga_wa_jioni

Wakuu nimeandika, anwani na majina nimeyatoa, idadi bado naisubiri kwa hiyo nimeacha nafasi:

"Naibu Mkuu wa Chuo, Taaluma.

KUPITIA KWA: Mkuu wa Idara

Ndugu,

YAH: OMBI LA KUONGEZA MUDA WA MAKTABA HADI SAA 4:00 USIKU KWA WANAFUNZI WA JIONI

Naomba maktaba ya chuo ifungwe saa 4:00 usiku badala ya saa 12:00 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa majaribio ya muhula mmoja kuanzia muhula ujao.

Wanafunzi wa jioni, ambao ni ......, huwa darasani kuanzia saa 11:30 jioni hadi saa 2:00 usiku. Vitabu ...... vya kozi zetu ni vya kusomea ndani ya maktaba tu, hivyo hatuwezi kuvifikia siku za vipindi. Ratiba ya sasa ya maktaba ilipangwa kabla ya darasa la jioni kuanzishwa.

Ninatambua kwamba ombi hili litahitaji zamu ya pili ya wakutubi na matumizi zaidi ya umeme. Ili kupunguza gharama, chumba kimoja cha kusomea kinaweza kutumika badala ya jengo zima. Idadi ya watakaoingia kila siku inaweza kuandikwa katika daftari la maktaba, na mwisho wa muhula idadi hiyo ikusaidie kuamua kama huduma iendelee haraka iwezekanavyo.

Nimeambatisha orodha ya majina na sahihi za wanafunzi wanaounga mkono ombi hili. Niko tayari kufika ofisini kwako kwa maelezo zaidi.

Wako mtiifu,"

---

kalamu_ya_risasi

Safi sana, hiyo ya chumba kimoja umeitoa wapi, ni nzuri mno. Futa "haraka iwezekanavyo" mwishoni mwa aya ya tatu, imejiingiza tu, haiendani na kuamua mwisho wa muhula. Na usalama wa kutoka usiku hujaugusa, weka nusu sentensi, mlinzi wa zamu anakuwepo hadi saa ngapi.

---

dada_wa_masijala

Mdogo wangu hii ningeipokea kwa furaha. Orodha ya sahihi iwe na safu ya namba ya usajili ili iweze kuhakikiwa, na kila ukurasa wake urudie kichwa cha ombi juu, watu wasije wakasema walisaini kitu kingine. Ongeza mstari wa Viambatisho chini ya jina lako, na Nakala: Mkutubi Mkuu, manake yeye ndo ataombwa ushauri na asishtukizwe. Kisha toa kopi mbili, moja waachie masijala, ya pili wakugongee muhuri wa kupokelewa na tarehe uondoke nayo.